Fahali Aliyevaa Uso wa Mwalimu Sulle

Jumamosi, baada ya uji na kabla ya usafi wa mabweni, Raya Abdulrahim alivaa shati lake safi kuliko yote, akafunga vifungo hadi cha shingoni, akatoka kwenda kuanza upelelezi rasmi. Hakuna aliyemtuma. Lakini alikuwa kidato cha tano, alikuwa kiranja wa chumba cha kompyuta, na baba yake aliuza vitenge pale Katesh mjini, akamfundisha tangu utotoni kwamba mteja anayepiga kelele kuliko wote siye aliyeficha kitambaa kwapani. Mtu mwenye sifa hizo hasubiri kutumwa.

Uhalifu wenyewe ulitendeka Ijumaa jioni bwaloni, mbele ya shule nzima. Klabu ya kompyuta ilikuwa ikijaribu programu yake kwa mara ya mwisho kabla ya kuipeleka Babati, kwenye mashindano ya mkoa, siku ya Jumatatu. Mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe analeta picha ya ng'ombe huyo, na kompyuta inamtafuta kati ya picha za ng'ombe waliookotwa wilayani. Ni programu njema, ya kizalendo, isiyo na kichekesho hata kimoja. Pembeni mwa picha ya ng'ombe hutokea picha ya mkaguzi aliye zamu, ili watu wajue nani wa kumlaumu. Mwalimu Sulle, mwalimu wa nidhamu, alijitolea kuwa mkaguzi. Abel, msemaji wa klabu, alikuwa kwenye kibodi. Abel akabonyeza.

Ukutani akatokea fahali mmoja wa kijiji cha Hirbadaw. Chini alikuwa fahali kamili: miguu minne, mkia, na kila kitu ambacho fahali anapaswa kuwa nacho. Juu, pale penye kichwa na nundu, palikuwa na kipara cha Mwalimu Sulle, miwani ya Mwalimu Sulle na masharubu ya Mwalimu Sulle.

Bwalo lilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko wake kuuliza kumetokea nini, akatazama ukuta, akarudi jikoni mbio ili acheke faraghani. Mwalimu Sulle peke yake ndiye hakucheka.

Sasa, Abel hakuwa mtu wa kutetewa kirahisi. Ndiye aliyewahi kuivisha kengele ya shule soksi tatu, ikagongwa asubuhi bila sauti, shule ikalala hadi jua likawaka. Kwa hiyo hukumu ilitoka haraka. Abel atarudi nyumbani Gitting mpaka bodi ya shule ikae, na bodi haitakaa kabla ya Babati. Mama yake aliitwa kwa simu, akafika na gari la alfajiri. Wangeondoka pamoja mchana.

Raya alimkuta Mwalimu Sulle mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kama ni habari ya Abel, rudi ulikotoka."

"Ni habari ya ushahidi, mwalimu."

"Ushahidi ni uso wangu. Nimeishi nao tangu nizaliwe, siwezi kuufananisha na wa mtu mwingine."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini kwenye somo la uraia ulitufundisha kwamba mtuhumiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Uliiweka hata kwenye mtihani."

Mwalimu Sulle alimtazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa aliyemlea mwenyewe.

"Kengele ya chakula cha mchana ikilia," akasema, "Abel anaondoka na mama yake. Kabla ya hapo, chunguza unavyotaka."

Mtuhumiwa alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, amekaa kando ya mama yake, Mama Scolastica. Kati yao kulikuwa na kikapu cha viazi vya Gitting, vilivyoletwa kumlainisha mwalimu wa nidhamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye askari?"

"Mimi ni kiranja, mama."

"Ni kilekile. Muulize. Mimi nimemuuliza tangu nimefika, ananijibu kama redio iliyokwisha betri."

Raya alisimama mbele ya Abel, mikono nyuma.

"Ulifanya?"

"Sikufanya."

"Ulisema hivyohivyo kuhusu jogoo aliyekutwa kwenye kikao cha walimu."

"Yule jogoo aliingia mwenyewe."

"Alikuwa amevaa tai, Abel."

"Alijua anaingia kikaoni." Kisha Abel akaacha utani, jambo ambalo Raya hakuwahi kuliona. "Sikiliza, Raya. Ningekuwa mimi, ningemwachia pembe. Mwalimu Sulle bila pembe ni kazi nusu. Halafu mimi nikifanya jambo nakaa nyuma, karibu na mlango. Nani mwenye akili anafanya utundu huku ameshika kibodi mbele ya shule nzima?"

"Mwanangu huyu ninamfahamu," Mama Scolastica akadakia. "Akikosa, anakula. Siku alipovunja mtungi wa bibi yake alimaliza sufuria ya makande. Leo nimemletea maandazi. Tazama."

Raya akatazama. Maandazi yalikuwa kwenye karatasi, yote, hayajaguswa. Ulikuwa ushahidi mzito kuliko ule wa pembe.

"Babati nilikuwa niongee mimi," Abel akasema chini chini. "Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo cha bweni mpaka wenzangu wamenitishia kunitoa nje na kioo chenyewe."

Chumba cha kompyuta kilikuwa na joto, na ndani alikuwamo Doris peke yake. Doris ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu. Ndiye pia aliyepiga picha za walimu wote kwa simu yake, simu yenye ile programu ya kubandika watu masharubu na masikio ya sungura. Raya alivuta kiti akakaa karibu mno, kama wapelelezi wanavyokaa.

"Doris. Masharubu."

"Ya kwake mwenyewe. Sikuongeza hata unywele."

"Abel akiondoka, nani atasimama kuongea Babati?"

"Mimi."

"Basi una sababu."

"Sababu! Raya, juzi nilisoma risala mbele ya wazazi, nikazimia kwenye neno 'ndugu'. Mlinibeba wewe na Lameck. Usiku kucha nimeomba Abel asiondoke."

Hilo lilikuwa kweli. Raya aliyekuwa ameshika miguu alilikumbuka vizuri, kwa sababu Doris hakuwa mwepesi. Alimfuta kwenye orodha ya washukiwa, orodha iliyokuwa na jina moja.

"Nionyeshe picha ya fahali."

Doris akaifungua. Fahali alikuwa mzima, na pembe zake. Akafungua ya Mwalimu Sulle. Mwalimu alikuwa mzima, na tai yake. Hakuna aliyezigusa wala kuziunganisha.

"Sasa tutende uhalifu upya," Raya akasema.

Waliendesha programu kwa fahali mmoja. Akatokea safi. Wakarudia, akatokea safi tena, ametulia kama amepigwa picha ya kipaimara. Wakarudia hadi Doris akaanza kupiga miayo.

"Jana bwaloni mlikuwa mmeweka ng'ombe mmoja?"

"Hapana. Wote wa wilaya."

"Basi waite wote."

Doris akapakia picha zote. Kompyuta ikaanza kuhema kama trekta linalopanda mwinuko wa Mogitu. Raya akabonyeza. Akatokea mtamba mwekundu, na juu ya mtamba kipara cha Mwalimu Sulle, kikaishia kwenye nyusi. Akabonyeza tena, na mara hii mwalimu alishuka mpaka fundo la tai, chini yake zikafuata kwato. Doris alijiziba mdomo kwa sweta. Raya aliruhusu shavu moja tu kucheka.

"Umeona?" akasema. "Kila mara uso unaishia mahali pengine. Mtu aliyechora picha ya dhihaka huichora mara moja na kuridhika. Abel ni mvivu, jogoo wake alivaa tai ileile siku nzima. Pili, mtuhumiwa yuko kwenye benchi na mama yake, na uhalifu unaendelea hapa."

"Mwalimu atasema Abel aliutega tangu jana."

"Atasema. Kwa hiyo lazima tumpate mwenyewe."

Akaweka mlinzi. Mwishoni mwa maagizo ya programu, pale picha ikishachorwa, aliongeza mstari mmoja wa kuiagiza kompyuta iandike jina la picha iliyotumika. Alitaka tu kujua ni picha gani iliyokuwamo wakati huo. Akabonyeza. Fahali mzima. Akabonyeza tena, akaja ndama mzima, kisha mtamba mzima. Ng'ombe wote wa wilaya walipita mmoja mmoja na vichwa vyao halali.

"Imepona!" Doris akapiga makofi.

"Haijapona. Mwizi ameona askari." Raya akaufuta ule mstari. Akabonyeza. Mwalimu Sulle akarudi, kwenye mwili wa dume la punda ambalo sijui nani aliliingiza kati ya ng'ombe. Akaurudisha mstari, mwalimu akatoweka. "Mlinzi wangu hakumkamata mtu. Amesimama tu mwishoni na kutaja jina. Doris, kutaja jina tu kunazuiaje uhalifu?"

Doris akakuna kichwa kwa kalamu. "Kutaja... Ngoja. Lugha yetu ya programu ina mfagiaji. Sisi hatuachii kumbukumbu ya kompyuta wenyewe. Unaandika fanksheni zako, unapitisha vitu huku na huku, na kitu kisichotajwa tena popote mfagiaji anakizoa ili nafasi yake itumike."

"Na picha ikiwa haitajwi?"

"Picha si zake. Picha zinafunguliwa na maktaba ya programu ya watu wengine, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Hiyo ni kumbukumbu ya ugenini, na mfagiaji hana mamlaka juu yake. Sehemu inayounganisha huku na kule aliiandika Lameck."

Raya akasimama. "Yuko wapi Lameck?"

Lameck alikuwa bombani akifua, povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa kijana mrefu wa wafugaji wa tambarare za Hanang, mpole, asiyewahi kuitwa ofisini hata mara moja. Raya alimleta chumba cha kompyuta akiwa bado na soksi moja mkononi.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Ndilo tunalotafuta. Kaa. Doris anasema picha ni za ugenini. Zinaachiwaje?"

Lameck akajikausha mikono kwenye kaptula. "Kila picha nimeipa kishikio. Kishikio ni kitu cha kwetu, mfagiaji anakiona. Ndani yake kuna anwani ya mahali picha ilipo, pamoja na wosia."

"Wosia?"

"Ndiyo. Umeandikwa hivi: siku mfagiaji atakaponizoa mimi kishikio, picha yangu irudishwe kwa C. Bila wosia hakuna anayezirudisha, zinajaa mpaka kompyuta inaganda. Mnakumbuka wiki ya kwanza."

Walikumbuka. Wiki ya kwanza kompyuta iliganda kila baada ya ng'ombe wachache, na klabu ilijifunza matusi ya makabila matano.

"Haya. Unataka kuchora picha. Unafanyaje?"

"Naingia kwenye kishikio, natoa anwani, nampa mchoraji, ile sehemu ya programu inayochora."

"Na kishikio?"

"Nakiachia."

"Baada ya kuchora?"

"Kabla. Nikishapata anwani nakiachia palepale."

"Kwa nini palepale?"

Lameck aligeuza soksi mkononi. "Ni adabu tu."

Raya na Doris walitazamana. Katika historia yote ya upelelezi, hakuna mshukiwa aliyewahi kujitetea hivyo.

"Adabu ya nani, Lameck?"

"Ya nyumbani. Baba ana ng'ombe wa rafiki yake kwenye boma letu. Wetu wengine nao wako kwa watu. Ng'ombe wa mtu unamkamua, maziwa unakunywa, lakini ng'ombe si wako. Sasa mwenyewe akija, akakushikisha kamba umkamue mbele yake, wewe huendelei kung'ang'ania kamba. Ukiing'ang'ania ni kama unamwambia, 'Naogopa utamchukua.' Ni tusi. Unaachia kamba, unakaa chini, unakamua. Nilipofika kwenye kishikio mkono wenyewe ukaandika hivyo. Cha ugenini, usiking'ang'anie."

"Na mwenye ng'ombe hamwondoi wakati unakamua?"

"Atamwondoaje? Ananiona niko chini na kibuyu."

"Anakuona," Raya akasema taratibu.

"Si ana macho."

"Na mfagiaji?"

Soksi ya Lameck ikaanguka.

"Mfagiaji anaangalia kamba tu," Doris akasema, akasimama juu ya kiti bila kujua kwa nini. "Anwani hajui ni nini, kwake ni namba kama namba nyingine! Akikuta kamba haijashikwa na mtu, anazoa kishikio, wosia unatekelezwa, ng'ombe anarudi kwao..."

"Na mimi bado nimeshika chuchu," Lameck akamalizia, kwa sauti ya mtu aliyeona ajali.

"Ng'ombe akiondoka, nafasi yake inakuwa wazi," Raya akaendelea. "C inampa anayefuata kuomba nafasi ya ukubwa uleule. Picha zote tumezikata ukubwa mmoja. Na baada ya ng'ombe, anayefunguliwa ni nani?"

"Mkaguzi wa zamu," Doris akasema.

"Anaanza kuingia kuanzia juu, kipara kwanza, wakati mchoraji bado anachora akidhani ni ng'ombe. Mchoraji akimkuta kwenye nyusi, tunapata nyusi. Akichelewa, tunapata tai. Ng'ombe akiwa mmoja, hakuna taka, na mfagiaji hana sababu ya kupita. Wakiwa wengi anapita kila mara. Na mlinzi wangu, kwa kutaja jina mwishoni, alikuwa ameshika kamba bila kujua."

Walikimbia kwenda ofisini na kompyuta ndogo ya klabu, Lameck miguu mitupu. Jikoni harufu ya maharage ilikuwa imeshafika ile hatua inayotangulia kengele.

Mwalimu Sulle aliwasikiliza amekunja mikono. Mama Scolastica aliingia bila kukaribishwa, akamvuta Abel ndani kwa mkono wa sweta.

"Kwa hiyo mkosaji ni mfagiaji," mwalimu akasema.

"Hapana, mwalimu. Mfagiaji alifuata sheria. Alikuta kitu hakina mshikaji, akakizoa."

"Basi ni Lameck."

"Mimi nilikuwa na adabu, mwalimu," Lameck akasema, machozi yakimlenga.

"Au Abel aliuandika huo mstari wa kuachia kishikio na kumsingizia Lameck."

"Mstari ni wangu, mwalimu," Lameck akasema. "Niliuandika mimi. Abel hajui hata C ni nini."

"Ni herufi," Abel akasema. Mama yake akamfinya.

Raya akaiweka kompyuta mezani, mbele ya mwalimu. "Bonyeza mwenyewe. Abel asimame kule dirishani, mikono juu."

Abel akaenda dirishani, akainua mikono kwa unyenyekevu wa kupindukia. Mwalimu Sulle akabonyeza. Uso wake ukajitokeza juu ya ng'ombe wa maziwa, ukaishia puani. Akakohoa. Akabonyeza tena, akajiona mpaka kidevuni. Mama Scolastica aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika.

"Sasa Lameck, andika mstari wa kushika kamba," Raya akasema.

Lameck akaandika mstari mmoja chini ya kazi ya kuchora, mstari ambao hauchori wala hauandiki chochote, unashika tu kishikio mpaka mchoraji amalize.

Mwalimu akauinamia. Alikuwa na ng'ombe wake nyumbani kwao Dongobesh, wawili wakiwa kwa shemeji. "Na ukimaliza kukamua," akauliza, "kamba unaiachia? Au ndiyo ng'ombe wa watu wanabaki kwako milele?"

"Naiachia, mwalimu. La sivyo kompyuta inaganda."

"Vizuri." Akabonyeza. Ng'ombe akatokea na kichwa cha ng'ombe. Akabonyeza tena, na tena, kwa ukali wa mtu anayesahihisha mitihani. Wakapita mitamba, wakapita ndama, akapita yule punda. Mwisho akaja fahali wa Hirbadaw, mzima, na pembe zilizofika karibu na ukingo wa kioo.

"Huyo dume ni mzuri," Mama Scolastica akasema kwa heshima.

Kengele ya chakula cha mchana ikalia. Hakuna aliyesogea.

Mwalimu Sulle alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Abel, shusha mikono. Huna kosa. Jumatatu utakwenda Babati na wenzako, na utavaa soksi safi." Kisha, maana alikuwa mwalimu wa uraia, akaongeza: "Na mimi nilikuhukumu kabla ya ushahidi. Samahani."

Doris alimkumbatia Lameck, Lameck akamkumbatia Raya na povu lililobaki kwenye viwiko. Abel peke yake alibaki dirishani, amenuna.

"Mwalimu, naomba kukata rufaa."

"Umeachiwa! Rufaa ya nini?"

"Jana nimepigiwa makofi na bweni zima. Watu wamenipa sehemu zao za nyama. Sasa wataambiwa utundu mkubwa kuliko wote tangu shule hii ijengwe umefanywa na kompyuta, tena kwa bahati mbaya. Nitaishije?"

Mwalimu Sulle alijitahidi. Masharubu yalicheza upande mmoja, yakacheza upande wa pili, halafu akacheka, kicheko kikubwa cha kukaa chini, mpaka mpishi akatoka tena na mwiko. "Rufaa imetupwa," akasema alipopata pumzi. "Nenda ukale."

Abel akala. Alikula maandazi yote akiwa bado anatembea kwenda bwaloni, kisha sahani mbili za ugali na maharage. Raya alimtazama mama yake Abel kwa wasiwasi wa kipelelezi.

"Hiyo ni njaa," Mama Scolastica akamhakikishia. "Akiwa na kosa anakula ameinama."

Raya ndiye aliyemsindikiza mama huyo stendi. Upepo wa mlimani ulikuwa ukipeperusha vumbi na mifuko, na gari la Gitting lilikuwa limeshawasha injini. Kondakta alipomwona Mama Scolastica akampigia kelele: asubuhi alikuwa ameagiza nafasi mbili, yake na ya mwanawe, na watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni.

"Mama, huyo kijana yuko wapi? Nimpe mtu mwingine kiti?"

Mama Scolastica akapanda, akakaa dirishani, akakiweka kikapu kitupu kwenye kiti cha pili, akakizungushia mkono.

"Kiti kina mtu," akasema kwa sauti ya kusikika gari zima. "Hayupo kwa sababu yuko shule."

Gari likaondoka na kikapu kimekaa, wima, hadi Gitting.